Chokaa Uliyoninyima, Wifi

Wifi Skola,

Huku Misunkumilo tunaamka, tunakula, kaka yako anakohoa kidogo kwa vumbi la mashine ya kukoboa lakini kazini anakwenda. Hizo ndizo salamu. Za kwako sijaziuliza makusudi, maana nikiuliza utanijibu "salama tu wifi" kwa ile sauti yako laini, nami nitalainika kama siku zote, na haya niliyokusudia kuyasema yatarudi tumboni. Ndiyo maana nimekuandikia. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nianze na jambo linaloniudhi: nimekukumbuka. Nikisikia koleo likikwaruza sakafu kwa jirani nageuza shingo, nikidhani ni wewe unaanza kazi bila kuningoja. Halafu nakumbuka uko wapi na umenifanyia nini, nashika ufagio nafagia mahali palipokwishafagiliwa. Kaka yako ananiangalia, anatoka nje. Amejifunza.

Unakumbuka siku ulipofika kwangu? Ulitoka Usevya kwa mumeo na begi moja na sufuria mbili, macho yamevimba. Wakwe zako walikurudisha kwa sababu moja tu, kwamba tangu uingie kwenye ule mji ng'ombe wao wanakufa. Walisema una mkono mbaya. Mama, yaani mama yako mzazi na mkwe wangu, hakujua akuweke wapi. Alikuwa anakupa uji na kukusema hapo hapo, kabla hujanywa. Mimi ndiye niliyesema uje ukae kwetu. Nilimwambia kaka yako mbele ya wageni kwamba ng'ombe wanakufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, hawafi kwa Skola. Ulilia ukanishika magoti, nikakwambia inuka wifi, usinifanye bibi kizee kabla ya siku zangu.

Wazo la kuku wa mayai lilikuwa lako, sikunyang'anyi. Ulikuwa umehudhuria mafunzo ya siku tatu ya ufugaji, ukarudi na karatasi ya mchanganyiko wa chakula ukaikariri mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mimi Mkonongo wa Inyonga nilikuwa namjua kuku mmoja tu, yule wa kienyeji anayetoka asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa alikula wapi. Nikakwambia kuku si pumba na maji tu? Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Wa kienyeji anatembea, wifi," ukaniambia. "Anaokota mdudu, anameza kokoto, anadonoa kichuguu. Huyu wa bandani umemfungia. Usichomwekea wewe hana pa kukipata."

Hayo ni maneno yako. Nimeyaandika kama ulivyoyasema, sikuongeza kitu.

Basi kila Jumamosi tulitandika lile turubai la bluu uani. Mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa Karema waliosagwa, wale wanaonuka mpaka kwenye nywele na kanisani kesho yake watu wanasogea. Halafu ulileta beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na vile vitu vidogo ulivyovilinda kama dawa ya mtoto: chokaa ya mifugo, unga wa mifupa, chumvi kidogo, na ule unga wa madini uliokuwa ukiuagiza Mbeya. Ulivichanganya kwanza na pumba kidogo mpaka vikawa rangi moja, ndipo ukavinyunyiza juu ya rundo kubwa. Nilikuuliza kwa nini usimwage tu mara moja tukapumzike. Ukasema ukimwaga hivyo kuku mmoja atapata yote na mwenzake atakosa kabisa.

Kisha tunasimama, wewe upande huu mimi upande ule, kila mtu na koleo lake. Rundo lote linatoka kwako linakuja kwangu, linatoka kwangu linarudi kwako, mara tatu. Tulivyokuwa tukicheka pale, tukiwasema watu wa kwaya, tukimsema kaka yako na suruali yake moja ya harusi. Mikono inauma lakini hatutaki kazi iishe. Siku hizi nikiona watu wawili wamesimama hivyo, nabadili njia.

Na siku ya chumvi je? Wewe ulikuwa umekwenda msibani, mimi nikajifanya fundi nikachanganya chakula cha vifaranga peke yangu. Nilipoonja pumba nikaona haina ladha. Nikaongeza chumvi, konzi nzima, kama napika maharage. Kufika alasiri vifaranga hawabanduki kwenye maji, sakafu imelowa chapachapa, wengine wameshalala ubavu. Mama akaja na ile fimbo yake, akauliza nani kachanganya. Nilifungua mdomo. Wewe ndiyo kwanza unaingia, hata kitambaa cha msiba hujavua, ukaangalia vifaranga, ukaniangalia mimi, ukasema, "Mimi, mama. Mkono uliteleza." Alikusema wewe siku ile, akakusema na kesho yake. Nilikufuata nyuma ya choo nikakuuliza kwa nini umefanya vile.

"Mimi wameshanizoea," ukasema. "Wewe usianze."

Nilimshukuru Mungu siku ile kwa kunipa dada mahali nilipotegemea kupata wifi tu. Na kwa hilo nakushukuru mpaka leo, silifuti. Sasa niache niishike hasira yangu.

Ulipopata kiwanja Magamba nilifurahi kuliko wewe. Nilibeba matofali, nilipika kwa mafundi, nilipiga vigelegele bati la kwanza lilipopanda. Kundi la pili la kuku tukaligawana nusu kwa nusu, wako kule, wangu huku. Ukasema mashine ya kusaga iko jirani yako, utakuwa unachanganya chakula cha mabanda yote mawili na kunitumia magunia yangu kwa guta kila Jumamosi. Mimi nikasema sawa. Sikuuliza hata swali moja. Ningeuliza nini? Ni wewe.

Mwanzoni kuku walitaga vizuri. Halafu mvua kubwa zikaanza, na maganda ya mayai yakaanza kuwa membamba. Nashika yai linapasuka kabla sijalinyanyua. Mengine yanatoka bila ganda kabisa, utando tu. Kuku wakaanza kudonoa ule ukuta wa banda ambao kaka yako aliupaka chokaa, asubuhi mpaka jioni, ko ko ko, wameutoboa. Nikadhani wanacheza. Nilikuwa nawaimbia, wifi, nawaimbia wanadonoa. Baadaye wakaanza kukaa. Kuku mzima, upanga wake wa kichwani mwekundu, macho yanang'aa, amekaa chini kama anaatamia. Ukimwinua miguu inaachia. Wanajikokota kwa mbawa kufuata chakula, wenzao wanawapanda migongoni.

Nilikupigia simu. Ukasema ni joto, wape maji mengi. Wiki iliyofuata nikakupigia tena, ukasema ni kideri hicho, chanja. Nilikuwa nimeshachanja, nikachanja mara ya pili. Wiki ya tatu ukasema labda nawashtua, naingia bandani na nguo nyekundu. Nikaacha kuvaa kile kitenge changu cha Pasaka. Nakusimulia hili ulisikie linavyosikika likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Kuku wanakosa chokaa mwilini, mimi nabadilisha nguo.

Ndipo ikaja ile Jumapili baada ya Misa. Mama alituita uani kwake, ukoo mzima, mpaka wale wa kutoka Nsemulwa. Alikuwa ameshaona banda langu kwa macho yake. Hakunifokea, na hapo ndipo paliponiuma. Angefoka ningejibu. Alinishika bega akasema kwa upole, "Mama Devota ni mke mzuri, hatuna neno naye. Ila hana mkono wa kufuga. Si kosa lake, ndivyo alivyoumbwa. Kuku waliobaki wapelekwe kwa Skola kabla hawajaisha."

Wewe ulikuwa umekaa mkekani unamenya karanga. Nilikutazama. Nilijua utasema kitu, maana wewe ndiye pekee pale uliyewahi kuitwa jina hilo na unajua uzito wake. Nilisubiri. Ulimenya karanga ile, ukaipuliza, ukaitia kwenye bakuli, ukachukua nyingine.

Waliwapakia kuku wangu kwenye matenga jioni ile ile. Wiki mbili hazikupita, habari ikaja kutoka kwako kwamba wamesimama. Wanatembea. Baada ya muda wakaanza na kutaga, maganda magumu. Mama alizunguka na habari hiyo mji mzima, si kwa ubaya, kwa mshangao tu. Kuku wale wale, anasema, wamebadilisha mkono tu. Na mimi niliamini. Nilikaa jikoni nikaiangalia hii mikono iliyolea watoto wanne, nikaiamini ile habari.

Unajua mtu aliyepewa jina hilo anaishije? Unajua, lakini umeshasahau, ngoja nikukumbushe. Nikienda kwa shemeji yangu nikielekea bandani, wananiita ndani, chai imeshamiminwa. Shughuli ya kupanda ikifika wananipa kuchochea moto wa uji, mbegu wanashika wengine. Jirani alinunua mbuzi mwenye mimba, nikapita kumpongeza, akasimama kati yangu na mbuzi huku anacheka. Hakuna anayenitukana. Wote wananipenda. Wananipenda kwa mbali kidogo.

Nilijua ukweli kwa bahati. Yule dada afisa mifugo alipita mtaani kuchanja mbwa, akaomba maji ya kunywa, akaona banda tupu. Nikamsimulia kwa kucheka, kama mtu anavyosimulia aibu yake ili asionewe huruma. Yeye hakucheka. Akauliza chakula kilichobaki kipo? Kilikuwepo, nusu gunia, Mama alikuwa amenikataza kukigusa. Akatia konzi moja kwenye kisosi, akaomba ndimu, akakamua juu yake. Tukangoja. Hakikutokea kitu. Akaenda kwenye ule ukuta waliotoboa kuku, akakwangua unga kidogo, akaukamulia ndimu ile ile. Povu likapanda likachemka.

"Hiyo ndiyo chokaa," akasema. "Chakula chako hakina hata chembe. Kuku wako walijua, ndiyo maana walikuwa wanakula nyumba."

Akaniketisha akanieleza. Kuku anayetaga anahitaji chokaa kila siku ya Mungu ya kutengenezea ganda. Akiikosa kwenye chakula haachi kutaga papo hapo. Anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Anatoa leo, anatoa kesho, mpaka mifupa inabaki milaini, kidari kinapinda, miguu haimbebi tena. Na ile mifupa iliyosagwa na yale madini mengine ndiyo yanayomsaidia kuishika chokaa mwilini, na hayo nayo hayakuwemo. Nikamwuliza kama mkono wa mtu unahusika. Akanitazama usoni kuona kama natania. Akasema hata maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yangewasaidia kwa muda, au makombe ya konokono, kama mtu angeniambia kwamba chokaa imekosekana.

Kama mtu angeniambia. Wale kuku walinitagia mayai kwa mifupa yao, wifi, mimi nikiwaimbia.

Sikukupigia simu. Nilifunga ndimu tatu kwenye ncha ya khanga, nikachukua bodaboda mpaka Magamba. Ulifurahi kuniona, uliniandalia chai. Nikaomba visosi viwili. Kimoja nikatia chakula nilichotoka nacho nyumbani, kingine nikatia konzi kutoka kwenye chombo cha kuku wako, mbele ya macho yako. Nikakamua ndimu. Kile chako kilitoa povu. Changu kililowa tu. Ulikiangalia kisosi muda mrefu, chai ikafurika kwenye moto hukuinuka.

Ukaniambia lori la Mbeya lilikwama kwa mvua, mfuko mmoja tu wa chokaa ulibaki na madini yalikuwa yamefika mwisho. Kuku wako ndio walikuwa wanashika kasi ya kutaga. Ukasema moyoni wiki moja tu, wa wifi watavumilia. Wiki ikawa mbili, nikaanza kupiga simu, ukaona haya kusema. Hayo yote ningeyameza. Ningekusema mpaka Krismasi halafu ningeyameza, maana mimi mwenyewe niliwahi kuua vifaranga kwa chumvi. Nilikuuliza kitu kingine.

"Na Mama aliposema sina mkono?"

Ulijipangusa uso kwa khanga. "Nilitaka kusema, wifi. Mungu ananiona. Ila Mama alipotamka vile nilisikia mwili mwepesi. Miaka yote jina lile liko kwangu. Siku ile nikaona limehama."

Nakupa sifa moja, hukunidanganya. Ila tangu siku hiyo neno lako hilo halinitoki. Limehama. Lilihama likaja kwa nani, Skola? Kwa mtu aliyekupokea na sufuria zako mbili akawaambia watu halikuwa jina lako. Ungekuwa mwizi wa kuku ningekuelewa. Wewe ulichukua aibu yako ukanivika mimi, ukakaa mkekani ukamenya karanga.

Halafu ukasema tuyaache, yameshapita, Mama ni mzee, tutamtia presha. Nikaondoka bila kunywa chai. Baada ya siku chache ukanitumia kuku kumi kwa guta pamoja na mfuko mzima wa chokaa, hukuandika hata neno. Kuku nimewapokea, wao hawajanikosea. Nawachanganyia mwenyewe, madini kwanza kwenye beseni, na kwa sababu sina wa kusimama naye upande wa pili nazunguka rundo peke yangu. Wanatembea vizuri na mayai yao ni magumu. Unajua Mama anasema nini? Anasema hao wana baraka ya Skola, tusubiri tuone. Hata kuku wakipona mikononi mwangu, wamepona kwa ajili yako.

Na ningenyamaza, wifi. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilijisemea mimi ni mtu mzima, watoto wangu wamekua, nitaishi na jina langu kama watu wanavyoishi na goti bovu. Kilichonifanya nishike kalamu ni mwanangu Devota.

Unajua amejifungua, na nilikwenda Nsemulwa kumhudumia. Mtoto nilikuwa namwogesha mimi, asubuhi na jioni, namkanda, namfunga. Mumewe alimnunulia Devota vifaranga ishirini ili wapate kitu cha kuanzia. Asubuhi moja wanalia, Devota ananyonyesha, mimi nikachukua kopo la chakula nikainama niwamiminie.

"Mama, acha," akasema. "Nitawapa mwenyewe."

"Si unanyonyesha?"

"Acha tu, mama. Bibi alisema..." Hakumaliza. Akaona haya, akaangalia chini, akamvuta mtoto karibu na kifua, akamfunika kwa mkono. Labda ni baridi. Nimejiambia mara nyingi kwamba asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Niliweka kopo chini. Jioni yake nilipoandaa maji ya mtoto, Devota alisema leo atamwogesha yeye, ajizoeze. Alisema vizuri, kwa heshima, hana kosa. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akimmwagia maji, ameshika kichwa vibaya, na sikuthubutu kunyoosha mkono kumsaidia.

Nilijaribu kumweleza mimi mwenyewe. Nilianza na lori, nikafika kwenye chokaa na ndimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mama," kama unavyomwitikia mzee anayejitetea. Ningekuwa mimi ningesema vile vile. Nani anaamini habari ya kujisafisha inayotoka kwa mwenye kuchafuka? Afisa mifugo alishahamishiwa wilaya nyingine. Kaka yako ananiamini, lakini ni mume wangu, watasema nimemlisha maneno. Duniani amebaki mtu mmoja ambaye akisema mwanangu ataamini, na mtu huyo ni wewe.

Jumamosi Devota anakuja kwako. Anataka kukuomba uwe msimamizi wa mtoto kwenye ubatizo. Nilimwuliza kwa nini wewe na si mama zake wadogo wa Inyonga. Akanijibu bila kufikiri kwamba anataka mwanae ashikwe na mtu mwenye mkono mzuri.

Sikumkataza. Sikumwambia lolote. Nilimsaidia hata kuchagua unga wa kukuletea.

Barua hii anakuletea yeye. Nimeiweka kwenye bahasha, sikuibandika, na namjua mwanangu, hasomi kisichoandikwa jina lake. Ukimaliza kuisoma usiikunje, usimtume dukani, usianze kumsimulia kwa ile sauti yako. Mpe aisome akiwa amekaa mbele yako, na mtoto umpakate wewe ili mikono yake iwe huru. Atakapokuuliza kama ni kweli, mjibu. Sihitaji useme mbele ya Mama, wala kanisani, wala nirudishiwe kitu. Nataka mwanangu aniachie mjukuu wangu nimwogeshe bila kumfunika.

Na kama baada ya hapo bado atataka umsimamie mtoto, sitasema neno. Mimi ndiye nitakayembeba kutoka nyumbani, nitapita naye katikati ya kanisa watu wakiona, nimweke mikononi mwako.

Wifi yako,
Mama Devota